Kidevu cha Shazli

Mji mzima ulijua kwa nini muuguzi Shazli hanyoi ndevu. Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu kaka yake, Bakhit, apigwe risasi kando ya shamba la miwa na mtu wa ukoo wa Abu Ghanim. Na kwetu Saidi, kusini mwa Misri, mtu aliyeuliwa ndugu hanyoi, hapangi viti vya msiba, hapokei rambirambi, mpaka damu iliyomwagika ijibiwe kwa damu. Ukimwona kanyoa, humuulizi kitu. Unaanza kuhesabu nani hayupo.

Aliyefyatua alitorokea Libya siku ileile, kwa hiyo macho yote yakamgeukia mdogo wake, Kinawi. Kumbe Kinawi naye ana yake: kifua kikuu sugu. Watu wake walimleta kimyakimya hospitali ya kifua, hiyohiyo anayofanyia kazi Shazli, majirani wakaambiwa kaenda Kairo kutafuta kazi. Lakini siri gani itakaa katika hospitali ambayo chai inauzwa na Umm Hashim pale getini? Siku tatu Kinawi alilala katika chumba cha kioo, cha kutenga wenye maambukizi, na siku tatu Shazli akajitafutia kazi upande wa pili wa jengo.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Sista Demiana, mkuu wa wauguzi, alimwita.

"Samia aliyekuwa akimhudumia Kinawi kagundulika mjamzito. Chumba cha kioo ni chako."

"Changu? Sista, unajua aliyemo ni nani."

"Najua ni mgonjwa. Vaa barakoa tuipime."

Alimvika mfuko mkubwa kichwani, barakoa ikiwa ndani, kisha akapulizia dawa chungu ya kupimia kupitia kitundu.

"Unaonja nini?"

"Shubiri."

"Basi hewa inapita pembeni. Ni hizo ndevu, barakoa hailali juu yake. Kanyoe."

"Siwezi, na wewe unajua siwezi. Mama yangu kila asubuhi ananishika kidevu kabla hajanipa mkate. Mtafute mwingine."

"Nani? Tumebaki mimi na pumu yangu. Shazli, mimi pia nimezaliwa hapa, sihitaji kufundishwa mambo ya Saidi. Lakini kidudu cha kifua hakijui ukoo."

Kabla hajajibu, kengele ya chumba cha kioo ililia.

Walikimbia wote wawili. Ndani ya kioo Kinawi alikuwa ameketi kitandani, mikono mdomoni, na damu inamchuruzika katikati ya vidole mpaka kwenye shuka. Alikohoa, ikatoka nyingine, nyekundu, yenye povu. Shazli akaukamata mlango. Demiana akajiweka mbele yake, mgongo mlangoni.

"Kwa ndevu hizo huingii. Una binti wa miezi mitatu nyumbani."

"Atakufa, Sista!"

"Naona kama unavyoona wewe."

Shazli akasimama. Na hapo, nisikufiche, shetani alimjia na maneno laini kabisa. Simama tu. Hakuna bunduki wala polisi, na hakuna mtu atakayekulaumu. Mlango umefungwa na mwanamke, si na wewe. Mama atapata anachokingoja, nawe utanyoa jioni, kwa raha zako. Kinawi aligeuza kichwa akamwona kupitia kioo. Hakuomba. Aliyafumba macho tu, kama mtu aliyekwisha kujua jibu.

"Nipe wembe," Shazli akasema.

Demiana alikuwa nao mfukoni, ule wa kuwanyolea wagonjwa wa upasuaji. Shazli aliinama kwenye beseni la kunawia, akajipaka sabuni ya mikono, akavuta. Miezi kumi na mmoja ilianguka vipande vipande ndani ya beseni. Alijikata mara mbili, hakujali. Barakoa ikakaa. Akapuliza, akavuta, hewa haikutoka pembeni. Demiana akaachia mlango.

Alimlaza Kinawi ubavu wa pafu bovu, akamfyonza damu kooni kwa mpira wa mashine, akamwekea oksijeni, akamdunga sindano ya kuzuia damu. Kinawi akafumbua macho, akayatambua macho yaliyokuwa juu ya barakoa.

"Shazli? Umekuja kuni..."

"Nimekuja kukuchoma sindano. Usiongee, utanichafulia kazi."

Baada ya nusu saa damu ilikatika. Shazli alitoka, akavua barakoa, akaenda getini kutafuta hewa na gilasi ya chai. Hapo ndipo alipokosea. Kichwa chake kilikuwa bado kule kitandani, hakukumbuka uso aliokuwa nao.

Birika lilimponyoka Umm Hashim.

"Shazli! Umenyoa!"

"Umm Hashim, ngoja, sivyo un..."

Vigelegele. Mwanamke yule alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka madirishani, na simu ilikuwa sikioni kabla havijakatika. Habari ilivuka daraja Shazli akiwa bado anamsihi anyamaze.

Hata adhana ya adhuhuri haijaadhiniwa, magari matatu ya Abu Ghanim yakafunga geti. Haji Dardir, ami yake Kinawi, alishuka na bunduki chini ya joho, ndevu nyeupe zikimtetemeka.

"Kinawi yuko wapi?"

"Yu hai, Haji."

"Kidevu chako kinasema vingine."

"Kidevu changu kimenyolewa ili niingie kumtibu. Barakoa haishiki juu ya ndevu."

"Barakoa!" Haji aliwageukia watu wake. "Mnasikia? Ananiuzia barakoa! Kijana, mimi nimezika watu kabla baba yako hajabalehe. Hakuna mtu wa Saidi anayenyoa damu ya kaka yake kwa ajili ya kitambaa!"

Bunduki mbili zilikwisha kutoka nguoni. Shazli alihisi jasho likimuuma kwenye yale majeraha ya wembe. Ndipo Sista Demiana akaja na kijiko cha dawa mkononi, akapita katikati ya mitutu kama anapita sokoni.

"Haji Dardir, bunduki zibaki nje. Wewe njoo umwone mwanao. Kwenye kioo tu. Ukitaka kuingia ndani, nawe kanyoe."

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Haji aliondoka nyuma yake, Shazli akiwafuata. Alisimama mbele ya kioo. Kinawi, mweupe kama shuka, aliinua kidole gumba, kisha akamwelekezea Shazli, kisha akakiweka kifuani pake.

Haji aliporudi getini hakusema asante. Alimtazama Shazli kidevuni kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Nenda kwenu upesi," alisema. "Kwenu wamekwisha kupanga viti."

Shazli alikimbia. Ilikuwa kweli. Viti vimejaa uchochoro mzima, msomaji wa Kurani yuko mahali pake, kahawa chungu inazunguka. Na mama yake, Umm Bakhit, ambaye hakudondosha chozi hata siku ya kaburi, alikuwa kizingitini analia kwa sauti, wanawake wamemshika mabega. Alipomwona mwanawe alikishika kidevu kile kitupu kwa mikono miwili.

"Umemaliza, mwanangu?"

Angeweza kusema ndiyo. Uongo ungedumu mpaka jioni tu.

"Sijamuua, mama. Nimenyoa ili nimtibu. Yu hai, na mkono uliomtibu ni huu."

Msomaji alikatiza kisomo. Ami yake Shazli, Abdi Shafi, aliinuka, akamwaga kahawa yake chini mbele ya kila mtu.

"Inukeni! Hapa hapana msiba! Umm Bakhit, waambie waondoe viti!"

Mikono ya mama ilikuwa bado kidevuni, na vidole vikagusa pale wembe ulipokata. Machozi hayakukatika.

"Niondoe viti, Abdi Shafi?" akasema. "Na machozi haya niliyokwisha kuyalia nitayarudisha wapi? Miezi kumi na mmoja sikumlilia mwanangu. Leo nimemlilia. Sitaanza upya."

"Ukipokea rambirambi, umesamehe!"

"Basi anayetaka kuondoka, aondoke."

Ami aliondoka, na wanaume saba nyuma yake, na hakuna aliyejua wanaelekea wapi. Waliobaki walitazamana. Kisha mzee mmoja akavuta kiti, akakaa, akanyoosha kikombe.

Shazli akaenda kusimama mlangoni, mahali pa ndugu wa marehemu, akanyoosha mkono wa kupokea rambirambi.