Meno ya Juu

Tumbo la Feza lilipoanza kuvimba, mama mukwe wake Latifa, mushonaji wa soko la Kasongo, alitembeza habari ya mimba kuliko redio. Ni jirani yangu; ulimi wake unakata kuliko makasi yake.

Kisha maumivu yakamushika Feza, wakamupasua hospitalini. Ndani hamukuwa mutoto. Mulikuwa uvimbe sawa papai, na ndani ya uvimbe nywele na meno.

“Mwenye kuzaa meno bila kinywa atarudi kwao kijijini Wamaza,” Latifa akasema. Djamali, bwana ya Feza, akaangalia viatu vyake.

Feza akamushika munganga Salomon mukono. “Muelezee mama mukwe, munganga. Asinifukuze.”

Salomon ni kijana aliyesoma sana, na anapenda ijulikane. “Mama, weye unajua cherehani. Kila chembe ya mwili iko na maagizo yote ya mutu, ya jicho, ya nywele, ya jino. Ni uzi murefu umezungushwa juu ya bobini ndogo, tunaziita histoni. Iko wafanyakazi, anzimu, wanatia alama juu ya bobini: hapa fungua, hapa funga. Ndiyo maana jicho la mutoto haliote kwenye kisigino. Alama zikikosewa, nyama inasahau kazi yake, mara nyingine inakuwa kansa. Hii haiko kansa. Ni yai moja la Feza lilijifungulia uzi ovyo. Hana kosa, na atazaa.”

“Kumbe fundi mubaya tu,” Latifa akasema. Feza akacheka kidogo, mukono juu ya mushono.

“Neno moja, baba,” Latifa akamuuliza Salomon. “Yale meno ni ya juu ao ya chini?”

Mutu wa kwetu angekohoa tu hapo. Kwetu, mutoto akianza na meno ya juu, wanasema amekuja kumaliza watu wa nyumba. Lakini Salomon alikulia Kinshasa, na swali halijawahi kumupita bila jibu. Akaleta chupa walimotia ule uvimbe, akaigeuza dirishani kwa furaha.

“Ya juu, mama. Bila shaka.”

Latifa akamushukuru kwa heshima zote, akatoka kuita moto, pikipiki ya kumurudisha Feza Wamaza.

Walipomupandisha Feza, Salomon akawafuata mbio. “Mushono utafunguka!”

“Si iko wafanyakazi wa kufunga?” Latifa akasema. “Wafanye kazi.”

Feza akageuza kichwa. “Munganga, ungesema tu ya chini.”

“Lakini ni ya juu,” Salomon akajibu.