Kikombe Kisichoonjwa

Kwetu Mudzipela, ukimpa mtu kinywaji unaonja kwanza weye mwenyewe. Hata mtoto anajua. Zamani ilikuwa heshima tu. Tangu vita ilipotulia, maana kwisha haijaisha, imekuwa sheria, kwa kuogopa sumu. Kikombe kisichoonjwa hakipokelewi.

Sasa sikia mambo ya Mama Faida.

Juma la pili la Majilio, lile la kuwasha buji ya pili, mshumaa wa amani, zamu ya kupokea sala ya shirika, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, ilimwangukia Charlotte, mama aliyekimbia kutoka upande wa Bambu akapanga chumba karibu na soko. Faida ni wa Bogoro. Mume wake alibaki kule kaburini, na waliomuua walisema lugha ileile ya Charlotte. Véronique, kiongozi wa shirika, alimwonea Faida huruma.

"Mama, kama roho inakataa, ubakie tu nyumbani. Mungu ataelewa."

"Yeye ataelewa," Faida akajibu. "Ni miye sitaelewa."

Miaka yote hiyo aliimba amani kila Majilio, kisha akirudi nyumbani anakomea mlango mara mbili. Alikuwa amechoka. Alitaka jirani. Basi alasiri hiyo akakamua ng'ombe wake mmoja, akaenda na maziwa kwa Charlotte.

Walijibana watu saba chumbani, magoti yakigusana. Buji mbili zikawashwa, wakasali. Faida akasimama, akamimina maziwa. Njia nzima alikuwa akijikumbusha: onja, meza, toa. Lakini macho ya watu yalimlemea, naye akanyoosha kikombe kikiwa kimejaa pomoni, bila kuonja.

Véronique akafumba macho. Faida akaligundua kosa lake palepale. Akikirudisha, watasema ameungama sumu. Asipokirudisha, watasema vilevile. Aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka, na mle ndani nani hakuwahi kuumwa?

Charlotte alikitazama kikombe, kisha vidole vya Faida. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja, alikunywa hasa, koo likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Faida amewaona wanaume wengi wenye bunduki maishani mwake. Shujaa wa namna ile hakuwahi kumwona.

"Mama Faida," Charlotte akasema akijipangusa mdomo, "miye nilishachoka kuogopa watu. Weye haukuchoka?"



Charlotte akaleta sahani ya mihogo ya kuchemsha. Akamega kipande, akakipeleka mdomoni aonje, kama inavyotakiwa. Faida akamshika mkono. Akakichukua kile kipande kutoka vidoleni mwake, akakila yeye kwanza, akamega na kingine, machozi yakimshuka mbele ya watu wote.

"Iko na chumvi ya kutosha," akasema.