Dakika Mbili za Dada Kaanaeli

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye usaili wa shahada ya uzamili badala ya dada yangu, Kaanaeli. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni tatizo.

Usaili wenyewe wa dada ulikuwa leo asubuhi. Siku zote kabla yake alikuwa akijifunza kujibu jikoni, mimi nikimuuliza maswali, naye akijibu mpaka ugali unaungua.

Chumbani mna meza na wasaili wawili. Mwenyekiti ni kiti. Kiti kitupu cha mbao. Kando yake amekaa glasi ya maji, kavaa miwani.

"Ndiye wewe unayejibu kwa niaba ya Kaanaeli?" kiti kinauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi ujue, utakachojibu hapa ndicho atakachojibu yeye asubuhi. Ukiharibu, umemharibia. Nyoosha mkono upewe dakika mbili za kujibu."

Napewa dakika mbili kiganjani. Zina joto, kama mayai yaliyotoka kutagwa.

"Shikamooni," nasema.

"Marahaba."

"Habari za hapa? Nyumbani hawajambo? Watoto? Mvua huku mmepata?"

"Tumepata," glasi anajibu. "Kidogo."

Dakika ya kwanza inapasuka, inatoa miguu, inatembea hadi mlangoni na kwenda zake.

"Hiyo umeimalizia kwenye salamu," kiti kinasema.

"Sasa ningeanzaje, mzee? Niwavamie tu kama mgambo?"

Glasi anacheka mpaka anamwagika.

"Haya. Kwa nini Kaanaeli anataka kuendelea kusoma?"

Naanza kama dada anavyoanza: alizaliwa wapi, babu alikuwa nani. Kila neno linairefusha meza kwa ubao mmoja. Namtaja mwalimu wake wa hesabu, meza inatoboa ukuta. Nataja vyeti, inavuka mto, inapita katikati ya darasa la tano, wanafunzi wanainua madaftari kuipisha. Wasaili wako mbali sana, wadogo kama punje mbili za mtama.

"Hatukusikii!" kiti kinaita.

Dakika iliyobaki imepata ufa. Nayafikiria maji ya kisima chetu, na meno yetu ya kahawia, na jinsi dada anavyocheka amefumba mdomo.

"Nataka maji yetu yaache kuharibu meno ya watoto," nasema.

Meza yote inajikunja mara moja. Kiti kiko mbele yangu, nasikia harufu ya mbao.

"Endelea," glasi ananong'ona. "Muda bado upo."

Natamani kuongeza. Nanyamaza.

Hapo sakafu inang'aa kama kioo. Chini yake naona maji, maji mengi yanayotembea gizani chini ya mlima, yamebeba nyota, wala hayatoi sauti. Kiti kinapiga magoti, sijui kwa magoti gani. Glasi anavua miwani. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile, na sote tumenyamaza ndani yake.

Nikaamka. Dada alikuwa ameshavaa, anafunga viatu.

"Namsifu, hebu niulize lile swali mara ya mwisho."

Nikamuuliza kwa nini anataka kuendelea kusoma. Nikavuta kigoda nikae, maana swali hilo huwa lina safari.

"Nataka maji yetu yaache kuharibu meno ya watoto," akasema.

Nikasubiri.

"Jibu ni hilo tu, dada?"

Akajishika midomo kwa vidole.

"Sijui, mdogo wangu. Nimeamka nalo mdomoni."

Akamaliza kufunga viatu. Hakuongeza neno.