Kiti cha Mbele

Gatera hakuwa na gari tu, alikuwa na gari la kusifia. Lilitoka Ubelgiji likiwa limeshachosha watu wawili, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likafika Kigali na umri wa mtoto wa sekondari. Mkewe Flaviana, mtu wa Bukoba, alimwambia asilinunue. "Rahisi huzaa ghali," alisema, na hakusema mara moja.

Gatera akalinunua, na tangu hapo kazi yake kubwa ikawa kulitetea. Kanisani, kazini, kwenye kituo cha mafuta, alimweleza yeyote aliyekubali kusimama kwamba gari lake halinywi petroli, linainusa tu. Kuhusu bushi, shokapu na betri, na kuhusu kuanguka kwenye ukaguzi wa magari, alikuwa mtu wa maneno machache.

Siku moja alilipeleka Gikondo kwa fundi Nduwayo kubadilisha breki. Nduwayo alikuwa na kawaida ya kuingiza namba ya chesisi kwenye simu aone gari lina historia gani. Safari hii aliiangalia ile simu kwa muda mrefu.

"Bosi, hii gari iko na shida," alisema. "Kampuni iliziita zirudi zote zilizotengenezwa mwaka mmoja na hii. Mfuko wa hewa, ule wa kufumuka kwa ajali, unaweza kupasuka vibaya, unarusha vyuma. Ya dereva walibadilisha huko Ubelgiji. Ya abiria wa mbele bado."

"Unaweza kupasuka hata kwa kugongwa kidogo?"

"Pengine utakaa miaka. Pengine kesho. Peleka kwa wakala wa kampuni, wanaagiza mpya na wanafunga bure. Lakini mpaka siku hiyo, usikalishe mtu hapo."

Gatera alirudi nyumbani Kimironko na maneno yakiwa mdomoni. Flaviana akamtangulia mlangoni.

"Haya, hilo gari lako limekula nini tena leo?"

"Breki tu," alisema Gatera.

Akajiambia atasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Kwa wakala hakwenda, maana wakala angelizuia gari, na gari likizuiwa maelezo yangehitajika. Alimpenda mkewe, na aliogopa kila asubuhi alipomwona akifunga mkanda na kupakata mkoba wake pale mbele. Lakini aliogopa zaidi kuambiwa "nilikuambia". Mwanamume mzima!

Alichofanya ni kuendesha kama aliyebeba trei ya mayai. Aliacha nafasi kubwa mbele yake, pikipiki zikajaa humo. Hata zile kamera za mwendo, ambazo watu wa Kigali wanaziita Sofia, hazikuwa na shughuli naye.

"Siku hizi umekuwa mpole barabarani," Flaviana alimwambia.

"Nabana mafuta."

Na kweli mafuta yalibanika. Tangi lililokuwa likiisha kabla ya Jumamosi sasa lilivuka Jumapili, na Gatera, Mungu amsamehe, akaenda kujisifu ofisini.

Ikaja Jumapili ya kumchukua mama yake, Mukankusi, kutoka Kabuga aje kukaa nao siku chache. Mama huyu alizeekea Karagwe, upande wa Tanzania, kabla ya kurudi Rwanda, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha huko. Walimkuta nje, amevaa kitenge kipya, mfuko wa ndizi miguuni. Flaviana, kama ilivyo desturi, alishuka, akamwamkia mkwewe, akamfungulia mlango wa mbele.

"Mama, kaa nyuma," alisema Gatera.

Lilimtoka tu. Mukankusi akasimama, mkono mmoja juu ya mlango.

"Nyuma? Na ndizi?"

"Gatera, acha utani," alisema Flaviana, uso ukimchoma kwa aibu. "Mama anakaa mbele. Mimi nitakaa nyuma."

"Huku mbele kuna jua kali."

Wote watatu wakatazama juu. Mbingu ilikuwa imefunga, mawingu tupu.

"Basi, mkanda umeharibika."

"Nimetoka kuufungua sasa hivi," alisema Flaviana. "Una nini wewe?"

"Mwache," alisema Mukankusi. "Mwanangu anataka majirani waone mke anakaa mbele na mama nyuma. Nimesikia. Ila mguu wangu unauma na nyuma kumebana, kwa hiyo atanisamehe." Akainama aingie.

Gatera aliruka kutoka kwenye usukani, akazunguka gari mbio, akamshika mama yake bega.

"Mama, kiti hicho kinaweza kukuua!"

Ikabidi aseme yote palepale kando ya barabara: mfuko wa hewa, vyuma, kampuni, wakala. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kiti. Alipomaliza alijisikia mwepesi kidogo, akadhani lililo kubwa limepita.

Flaviana alikuwa bado ameshika mlango.

"Nduwayo alikuambia lini?"

Gatera akajikuna kisogo. "Siku ile ya breki."

Flaviana alikitazama kiti, na mkono wake ukapanda polepole ukashika shingo yake mwenyewe. Mukankusi alimtazama mwanawe, kisha mkwewe, kisha akaufunga mlango wa mbele kwa nguvu.

"Binti yangu," alisema, "njoo tukae huku."

Wakaingia nyuma wote wawili, mama na mguu wake mbovu, ndizi katikati. Gatera akarudi kwenye usukani na kuwatazama kwenye kioo.

"Flaviana, nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka."

"Kwa Mama hukuishia kutaka," alisema Flaviana. "Ulisema."

Gatera aliwasha gari. Mpaka Kimironko alisikia mama yake akimuuliza mkewe habari za kazi, na mkewe akijibu.