Kiti cha Njano Ng'ambo ya Mtaa

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa tatu asubuhi. Theluji ilikuwa imekatika. Baridi haikuwa imekatika. Rosalind Dufek aliweka kiti cha jikoni, kile chenye mto wa njano, katikati ya nafasi ya kuegesha gari aliyoifukua kwa beleshi mbele ya nyumba yake. Gari lilikuwa likiunguruma kando. Alikuwa akienda hospitali kumchukua mumewe, Emmett, aliyetiwa nyonga mpya. Daktari alikwisha kuonya: akiteleza mara moja tu, kazi yote imekwenda na maji.

Mtaa wa Delmar ulikuwa mpaka wa miji miwili midogo. Upande wa Rosalind ulikuwa Kelsey, na Kelsey kiti ni hati miliki: ukifukua, ukaweka kiti, hata hasimu wako atakizunguka. Upande wa pili ulikuwa Marlow. Huko, theluji ikianza, kila mtu hupeleka gari lake kwenye uwanja wa kanisa hadi mtambo wa kusukuma theluji upite; kisha mwenye kuwahi ndiye mwenye nafasi. Rosalind aliwacheka miaka nenda, miaka rudi. Watu wa kupangwa kama vikombe kabatini, alisema.

Mtambo wa Kelsey ukatokea. Ukayakwepa magari yaliyofukiwa kando ya njia, na ulipofika penye pengo la Rosalind ukalimwagia mzigo wake wote. Kiti kikazama hadi kwenye mto.

Mgongo wake haukuwa na nguvu ya kufukua tena. Alikichomoa kiti, akatazama ng'ambo, akaona kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote: lami nyeusi, safi kutoka pembe hadi pembe, isiyo na mwenyewe. Akavuka, akakiweka kiti hapo.

"Bibie, kiti chako kimepotea njia," alisema Orville Stanek kutoka barazani kwake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Hakijapotea. Kinamngoja Emmett, naenda kumchukua hospitali."

"Huku kiti kitupu ni takataka. Watu wa manispaa wakipita, wanakibeba."

"Basi nyie hamna utu."

"Utu tunao. Viti ndivyo hatuweki." Orville alishuka ngazi polepole, akakikagua kiti, akakikalia. "Sheria inasema kitupu. Hiki kina mzee. Haya, kamlete mwenzio kabla sijaganda nikawa sanamu ya mji."

Waliporudi saa sita, kitini alikuwa Lucille, jirani ya Orville, blanketi limempanda hadi kidevuni.

"Zamu yangu," alisema, akiinuka kuwapisha. "Na nyuma yangu kuna foleni. Si unajua sisi na foleni zetu?"

Rosalind aliona haya, akaegesha. Ng'ambo, upande wa Kelsey, kilima cha theluji kilikuwa kimepasuliwa njia pana ya kupita watu wawili, imenyunyiziwa chumvi hadi mlangoni kwake. Orville alikuwa ameegemea beleshi, akihema.

"Huku si kwenu," Rosalind alimwambia walipovuka.

"Ndiyo maana sikuomba ruhusa."

Emmett alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mke wangu, tumehamia Marlow?"

"Tazama unapokanyaga," alijibu Rosalind, akamshika mkono.

Orville alirudi kwenye kahawa yake iliyopoa. Lucille alikunja blanketi. Emmett alikunywa supu, akalala. Jioni, mawingu ya theluji yaliposhuka tena, Rosalind alikirudisha kiti jikoni, akaliendesha gari hadi kwenye uwanja wa kanisa, akarudi kwa miguu. Mbele ya nyumba yake hakuweka kitu.