Kufuli Mbili za Kabati la Kanda

Kabati lenyewe lilikuwa la bati, rangi ya kijani iliyobambuka, na lilifungwa kwa kufuli mbili kana kwamba ndani mna dhahabu. Ndani mlikuwa na kanda tano za kompyuta, basi. Ufunguo mmoja alikuwa nao Imakulata, wa pili alikuwa nao Fredrick. Hilo lilikuwa wazo la mkuu wao, Bwana Telesphor. Kanda moja ilipopotea hakujua amlaumu nani kati ya wafanyakazi wake wawili, akaamua kutowaamini wote. Alijiona mjanja. Kumbe alikuwa amewatia pingu moja watu wawili ambao hawakutaka hata kuonana.

Ofisi ilikuwa Mpanda mjini, nyuma kidogo ya stesheni ya reli, na kazi yake ilikuwa kutafuta ndugu waliopoteana. Vita vya Burundi vilikuwa vimelipuka upya na watu walikuwa wanavuka mpaka kuingia Kigoma. Huku Katumba, makazi ya wakimbizi nje kidogo ya mji, walikuwapo wenzao waliokimbia tangu mwaka sabini na mbili, wazee sasa, wenye mashamba ya mahindi na tumbaku, ambao bado walikuwa wanauliza habari za watoto waliopotezana nao njiani. Majina ya wanaotafuta na wanaotafutwa yaliwekwa kwenye kompyuta moja kubwa waliyoiita seva. Kila mchana majina mapya yalisomwa kwa redio koli kutoka vituo vya mpakani, na Imakulata, spika ikiwa inakoroma ukutani, aliyachapa moja kwa moja. Kila asubuhi Fredrick, ambaye mezani kwake ndiko ilikokuwa redio, aliiuliza mashine ni majina gani yamekutana, akayarudisha hewani: fulani ana mama Katumba, mwambieni asiondoke.

Mashine ile ilikuwa na tabia moja. Kabla ya kuweka jina lolote mahali pake, iliandika kwanza kwenye faili refu waliloliita logi: limeingia jina hili, limebadilishwa hili, limefutwa lile. Umeme ukikatika, na pale Mpanda ulikatika kila ulipojisikia, mashine ikiamka ilisoma logi ikajua ilikuwa imefikia wapi. Tatizo ni kwamba logi haikujua kushiba. Ilinenepa kila siku ikala nafasi kwenye diski, na ndiyo maana kila Ijumaa ilibidi inakiliwe kwenye kanda, kisha ianzishwe nyingine tupu. Kanda zilizunguka kwa zamu, iliyojaa ikarudi kabatini na iliyo kongwe kuliko zote ikatolewa kuandikwa upya. Kwa watu wanaopatana ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Hawa hawakupatana. Mwaka uliotangulia ilitokea nafasi moja ya mafunzo Arusha, na Imakulata ndiye aliyetajwa. Fredrick alikwenda kwa mkuu akamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye huruma, kwamba yule dada ni mjamzito na safari itamtesa. Ilikuwa kweli. Ila Imakulata alikuwa hajamwambia hata mumewe. Basi akaenda Fredrick. Mimba ikatoka Fredrick akiwa hukohuko Arusha, na aliporudi na mkoba wake mpya wa ngozi, akakaa kwenye kiti chake, hakusema hata pole. Pengine aliona haya. Imakulata hakutaka kujua alichoona.

Miezi michache baadaye baba yake Fredrick alifariki kule Litapunga. Ofisi nzima ilichanga, ofisi nzima ikapanda lori kwenda msibani, isipokuwa Imakulata. Yeye alibaki anachapa majina. Fredrick aliporudi kazini amenyoa kichwa, watu walimshika mkono mmoja mmoja, na Imakulata akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Kwetu huku mtu anaweza kukusamehe matusi, hata ngumi. Msiba wake usipofika, hilo halimtoki moyoni.

Tangu siku hiyo hawakuongea. Ijumaa ikifika, Imakulata alifungua kufuli yake, akarudi kukaa. Fredrick akainuka, akafungua ya kwake, akasogea pembeni kama anayempisha mgonjwa wa upele. Kanda ikabadilishwa kimya kimya, wakafunga, wakaondoka kila mtu na njia yake.

Halafu mkuu akasafiri kwenda Sumbawanga kwenye vikao, na ule utaratibu mdogo uliobaki ukafa. Ijumaa ya kwanza Imakulata alifungua kufuli yake akangoja. Fredrick aliendelea kukoroga chai yake taratibu, macho yake dirishani. Alikuwa anangoja aombwe. Imakulata alimwelewa vizuri sana, na moyoni akasema, utangoja mpaka ndevu ziguse meza. Saa ya kutoka ilipofika akaifunga kufuli yake, akaenda zake. Ijumaa iliyofuata mambo yakawa hayohayo, ila safari hii hata yeye hakujisumbua kufungua. Logi ikaendelea kunenepa.

Jumatano mchana redio ilisoma majina kama kawaida. Katikati ya orodha, sauti ya kituo kimoja cha mapokezi ikataja mwanaume anayeitwa Abednego, mama yake Séverine, alipotea akiwa mdogo wakati wa kukimbia, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Vidole vya Imakulata vilisimama. Mama Séverine alimfahamu. Alikuwa anakuja kila Ijumaa kutoka Katumba juu ya lori la tumbaku, kitenge kimefungwa kifuani, na swali lake halikubadilika: mwanangu Abednego, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, amesikika? Imakulata alichapa, na mashine ikayakutanisha majina yale mawili palepale mbele ya macho yake.

Alifurahi. Alitaka kumwambia mtu. Chumbani mlikuwa na Fredrick peke yake, anasafisha masikio kwa kifuniko cha kalamu, na redio iko mbele yake. Ilitosha kusema, waambie wale wasimwache huyu mtu aondoke. Maneno machache tu. Imakulata aliyapima mdomoni, akayameza. Kesho asubuhi ataliona mwenyewe kwenye mashine, alijiambia, ndiyo kazi yake, analipwa kwa hiyo. Akachukua mkoba akaondoka.

Alhamisi asubuhi ilikuwa zamu ya Fredrick peke yake. Alipowasha skrini aliikuta mashine imegoma: diski imejaa, haipokei kitu, haijibu kitu. Dawa yake aliijua, maana ndiyo aliyokwenda kuisomea Arusha. Logi ihamishiwe kwenye kanda, nafasi ipatikane, kazi iendelee. Lakini kanda zilikuwa kabatini, nyuma ya kufuli ya Imakulata, na Imakulata alikuwa nyumbani kwake mtaa wa pili, anafua. Kumwita ilikuwa sawa na kumpigia magoti. Fredrick alilitazama lile kabati kwa muda. Kisha akaifuta logi.

Nafasi ilipatikana, tena tele. Ila mashine ilipojaribu kuamka ilitafuta kumbukumbu yake haikuiona, ikakataa kufungua chochote. Ilibidi achukue nakala kubwa ya mwisho wa mwezi kutoka droo ya mkuu, airudishe yote. Mashine ikafunguka mchana, ikiwa na majina yote mpaka mwisho wa mwezi uliopita. Yaliyoingia baada ya hapo yalikuwa kwenye ile logi, na logi ilikuwa haijanakiliwa kwa Ijumaa mbili.

Imakulata aliingia mchana akaenda moja kwa moja kwenye skrini. Akachapa jina la Séverine. Lilikuwepo, linatafuta, halijakutana na mtu. Akachapa tena. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akamsemesha.

"Umefanya nini?"

"Diski ilijaa," Fredrick alijibu bila kumwangalia. "Mashine nimeirudisha."

"Logi iko wapi?"

"Nimeifuta. Ulitaka nifanyeje? Kabati lina kufuli yako."

"Nakaa mtaa wa pili, Fredrick. Ungetuma mtu, ningekuja."

"Ungekuja? Msiba wa baba yangu ulishindwa kuja, ungekuja kwa ajili ya kanda?"

Imakulata alimsogelea. "Usinitajie msiba. Mimi nilikuwa na msiba wangu, uliukanyaga ukapita na mkoba mpya." Akashika ukingo wa meza. "Jana Abednego wa Mama Séverine alipatikana. Alikuwa humo ndani ya logi."

Sasa Fredrick alimwangalia. "Jana saa ngapi?"

"Mchana."

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapa. Redio hii hapa. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?"

"Ndiyo, mimi. Nani mwingine?"

Swali lile lilimfanya Imakulata amchukie zaidi kuliko siku zote. Fredrick alivuta redio akaanza kuita vituo, kimoja baada ya kingine, kwa sababu hata kituo kilichosoma jina lile Imakulata hakukikumbuka. Yote yalichapwa, na kilichochapwa hakuna aliyekiweka kichwani. Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la stesheni walipojibiwa.

"Huyo tunamfahamu," ilisema sauti kutoka mpakani, ikikwaruza. "Tulimwambia kama ana ndugu huko, Mpanda watajibu asubuhi. Akakaa getini asubuhi yote, akawa anatuuliza mmejibu. Hamkujibu. Akasema kama hana mtu huku, basi anarudi kwao. Amevuka mchana huu kwa miguu. Nyie mlikuwa wapi?"

Fredrick alisema mashine iliharibika. Sauti ile ikasema haya, ikakatika.

Ijumaa Mama Séverine alishuka kwenye lori, akakung'uta vumbi la tumbaku kwenye kitenge, akaingia. Aliwaamkia wote wawili kama kawaida yake, akakaa kwenye benchi, akauliza swali lake. Fredrick ndiye aliyewahi kuinuka.

"Bado, mama," alisema kwa upole ambao Imakulata aliufahamu, ulikuwa uleule wa Arusha. "Majina hayajakutana. Jaribu wiki ijayo."

Imakulata aliona njia imefunguliwa mbele yake, nyeupe. Angenyamaza, ingekwisha. Mama angerudi Katumba na tumaini lake kama alivyokuja nalo. Lakini kunyamaza kungekuwa kushirikiana na Fredrick, na kushirikiana na Fredrick hakuweza, hata kwenye uongo. Akilini mwake aliita jambo hilo ukweli. Lilikuwa na chuki ndani yake, nusu kwa nusu.

"Alipatikana, mama," alisema. "Jumatano. Yu hai, na kovu lake. Mimi nililiona jina nikanyamaza kwa sababu sitaki kusema na huyu. Na huyu alilifuta kwa sababu hataki kusema na mimi. Amengoja jibu, halikwenda. Amerudi Burundi jana."

Mama Séverine aliangalia mikono yake, akaigeuza, kama vile kovu lilikuwa kwake.

"Yeye aliniulizia?" akasema. "Alitaja jina langu?"

"Alilitaja."

"Basi anajua mimi niko."

"Hapana, mama," Imakulata alisema. "Anajua hupo."

Nje treni ya Kaliua ilikuwa inajaribu breki. Mama Séverine aliinuka, akajifunga upya kitenge. Imakulata alijiandaa kulaaniwa, na kwa kweli alikuwa analitaka hilo, angalau liwe limekwisha. Yule mama akamfuata mezani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akiinama kidogo, kama watu wanavyofanya wanapoingia nyumba yenye msiba.

"Pole, binti yangu," alisema. "Muko na kitu kizito humu ndani."

Akavuka chumba, akamshika Fredrick vilevile. "Pole, kijana." Kisha akatoka kutafuta lori la kumrudisha.

Walibaki wawili. Saa ya kanda ilipofika Fredrick aliinuka akafungua kufuli yake bila kungojwa, na Imakulata akafungua ya kwake. Wakasimama bega kwa bega mbele ya kabati, karibu kuliko walivyowahi kusimama. Neno lenyewe, pole, lilikuwa limeshasemwa mbele yao mara mbili, walichotakiwa ni kulirudia tu. Imakulata alimsikia mwenzake anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza. Akangoja. Naye Fredrick, inaelekea, alikuwa anangoja.

Imakulata alichukua kanda kongwe kuliko zote, akaiingiza kwenye mashine. Logi ya siku moja ilikuwa fupi, ikanakiliwa mara moja. Wakafunga kufuli zao, yeye ya juu, Fredrick ya chini, na kila mtu akashika njia yake.