Besi Mpaka Pasaka

Tezi yangu ya shingoni ilipodhoofika, sauti ilikwaruza na kushuka mpaka Aidan, mwalimu wetu wa kwaya hapa Mshangano, akanitoa soprano, akanihamishia besi, katikati ya wanaume. Nilinuna, lakini niliimba.

Wiki sita baada ya kuanza vidonge vya homoni, nilirudi kupimwa damu, waone kama dozi inanitosha. Aidan akanisindikiza. Nikasema, kumbe ana utu!

Daktari akasoma majibu. “Mama Lidwina, homoni zimekaa sawa. Endelea na dozi hii hii.”

Aidan akakohoa. “Daktari, huwezi kumpunguzia kidogo? Mpaka Pasaka tu.”

Nilimtukana pale pale, kwa soprano safi. Alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia. “Basi. Besi wetu tumeshampoteza.”